Pindo, mji na jina: kupanga picha na kupanga maneno

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naona waandishi mmekaa upande huu, wachoraji na wapiga picha mmekaa upande ule, na hakuna aliyewaambia mgawane hivyo. Hilo ndilo lililonileta.

Nimekuja na leso. Wenzetu wa Unguja na Bara wataiita kanga, sisi Mombasa ni leso. Naomba wawili wenu, mmoja kutoka kila upande, mnisaidie kuitundika hapa ubaoni, iwe wazi yote, ili na walio nyuma waione. Hapo hapo. Ahsanteni sana wanangu.

Sasa kila mtu ajiulize: umeona nini mwanzo? Rangi. Nyekundu iliyoiva juu ya nyeupe, na hata aliyesimama pale mlangoni ameshaiona. Baada ya rangi umeona pindo, ukanda huu mpana unaoizunguka leso pande zote nne. Pindo likakuvusha ukaingia mjini, yaani hapa kati, ukazikuta korosho nne kubwa zimeelekeana. Na mwisho kabisa, tena ni nyinyi mliokaa mbele tu, jicho limeshuka hadi kwenye kisanduku hiki chembamba chini ya mji, ambamo mna jina: maneno matatu kwa herufi kubwa. Hakuna aliyeanzia kwenye jina. Aliyeichora alijua hamtaanzia huko, na kila alichokiweka alikiweka kwa kujua hivyo.

Mimi nilipanga kurasa za gazeti kwa miaka mingi kabla ya kuwa mhariri. Nilianza enzi za kukata karatasi kwa wembe na kubandika kwa gundi, nikamalizia kwenye kompyuta. Asubuhi nilikuwa nikishindana na picha, jioni nikishindana na maneno, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba mchana kutwa nilikuwa kwenye kazi moja. Sisemi kazi mbili zinazofanana. Nasema kazi moja: kuamua mtu aingilie wapi, apitie wapi, atue wapi, na pale pasipo na kitu pawachwe vipi.

Tena hili silileti kutoka mbali. Limo ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku. Mshairi anasema ubeti. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao bayt ni nyumba, na vilevile ni mstari mzima wa shairi. Nusu ya mstari huo wanaiita misraa, na misraa ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Katika vitabu vya Kiswahili vya zamani sura iliitwa mlango: mlango wa kwanza, mlango wa pili. Shairi linafika kwenye kituo. Ukurasa una pambizo. Na leso, kama mlivyoona, ina mji. Waliotangulia waliyaona maandishi kuwa ni mahali pa kuingia na kutembea, wakayapa majina ya mahali.

Basi mkitoka hapa piteni Mji wa Kale, na mkijaaliwa fikeni Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, msimame mbele ya mlango wa kuchonga. Msiupige picha mara moja. Utazameni. Mbao mbili, na kati yake mfaa, ule mti uliosimama wima na kufunika mwanya zinapokutana. Miimo huku na huku, kizingiti juu. Kwenye milango mingi ya Unguja mchongo unaanzia chini kabisa ya mwimo, kwa samaki au kwa mtungi, ukapanda kama mmea unaotambaa mpaka ukafika kizingitini, na huko juu ndiko mara nyingi fundi alikochonga aya au mwaka. Leso inaliteremsha jicho, mlango unalipandisha. Lakini vyote viwili vimeyaweka maandishi mwisho wa safari, mahali ambapo mtu ameshatembezwa.

Jana usiku nimetunga ubeti mmoja kwa ajili yenu. Uangalieni kabla hamjausoma, kama mlivyoiangalia leso:

Leso naitanda wazi, itazameni pindoni,
Macho nayafanye kazi, yapite hadi mjini,
Jina lisomwe kwa ngazi, lishukie huku chini,
Hasidi hana sababu, imeandikwa lesoni.

Mizani 16 kila mshororo, 8 huku na 8 huku. Tazameni hapa kati: zi, zi, zi, zimesimama moja juu ya nyingine. Huo ndio mfaa. Na huku mwisho: ni, ni, ni, ni. Hilo ndilo pindo. Na mshororo wa nne kina cha kati kimebadilika, zi imeondoka ikaja bu. Macho yanagota hapo, na sikio nalo linagota hapo hapo, kwa pamoja. Kabla hujaelewa maana umeshajua kwamba umefika kituoni. Muyaka bin Haji, aliyefariki hapa Mombasa karibu na mwaka 1840, aliutumia mpango huu wa mishororo minne kwa mapenzi, kwa ugomvi na kwa siasa za mji, na watu waliyashika mashairi yake kwa moyo. Umbo linamsaidia anayekumbuka. Ukisahau neno, unajua tundu lake lina ukubwa gani na linafungwa na sauti gani.

Wakati tukiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mambo haya yalionekana zaidi. Ukurasa ulianzia kulia. Katika miswada ya tenzi vipande vimetengwa kwa alama ndogo, na kile kina kimoja kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho wake hujipanga ukingoni kushoto, herufi ile ile ikiteremka ukurasa mzima. Hata mtu asiyejua kusoma angeliona pindo hilo. Na mshororo ukiwa na vipande vinne, mnajua washairi wanakiitaje kile cha nne? Ukingo.

Turudi ubaoni, maana leso sijaimaliza.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, tunayemjua kwa jina la Abdulla, alifungua duka hapa Mombasa, na mpaka leo leso nyingi zina alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kabla ya hapo, kama inavyosimuliwa, wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vya mkono, wakachukua 6, wakavishona 3 kwa 2 vikawa nguo moja. Jina lilikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Sasa fikirieni tatizo la yule aliyeambiwa aongeze maneno juu ya nguo iliyokwisha kutimia. Yakiwa mengi, yanaua mji. Yakiwa madogo, hayaonekani. Yakipita katikati, yanazigawa korosho. Akayatengenezea kisanduku, akayashusha chini, akayapa mstari mmoja. Na kwa kuwa nafasi ni mstari mmoja, lugha yenyewe ikabidi ijikaze.

"Hasidi hana sababu." Hesabuni: ha-si-di-ha-na-sa-ba-bu. Mizani 8, sawasawa na kipande kimoja cha shairi. Ndiyo maana niliweza kulichukua jina la leso hii na kulitia katika ubeti wangu bila kugusa hata herufi. "Japo sipati tamaa sikati": kina kati, kina mwisho. Na lile ambalo mimi nalipenda kuliko yote: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Liandikeni kwa herufi kubwa mlitazame. MENO. MANENO. Meno yamo ndani ya maneno, yamepasuliwa tu baada ya herufi ya kwanza yakatiwa mbili nyingine. Sikio linasikia mfanano, lakini ni jicho linalogundua kwamba lile la kutisha limefichwa ndani ya lile lisilotisha. Aliyelichagua hilo kwa ajili ya nguo alikuwa na sikio la mshairi na jicho la mchoraji.

Kisha leso inavaliwa, na hapo ndipo mpango unatimia. Mwanamke akijifunga hulipanga jina likae nyuma. Mbele yako anakuja na rangi na mji. Anakupita. Ukigeuka ndipo unasoma. Anayelisoma jina ni yule aliyekwisha kupitwa, na hana tena wa kumjibu. Nimewafundisha vijana wengi habari za sentensi ya mwisho ya makala, na sijapata mfano bora kuliko huo.

Sasa nyinyi waandishi, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia.

Wachoraji wanajua kwamba rangi ukiiweka mahali pamoja tu ni doa, ukiirudia mahali patatu picha inashikana. Kiswahili kimetupa hilo bure, ndani ya sarufi. "Vile vikombe vyangu viwili vyeupe vimevunjika." Maneno sita, na yote sita yamevaa rangi moja. Mtoto wa miaka mitatu anaipaka rangi hiyo bila kufundishwa. Na kwa kuwa maneno yamevaa sare hayapotezani, unaweza kuyahamisha na bado yakajuana. "Vimevunjika, vile vikombe vyangu viwili vyeupe." Umesikia tofauti? Ile ya kwanza inakuonyesha vikombe vizima, unaviona mezani, viwili, vyeupe, kisha inavivunja mbele yako. Ya pili unausikia mlio kwanza, ndipo unageuka kutazama ni nini kimeanguka. Tukio ni lile lile na maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali jicho lilipoingilia.

Angalieni tena: "Nimeisoma barua." "Barua nimeisoma." Katika ya kwanza naanza mimi, barua inafuata. Katika ya pili barua imewekwa mezani kabla yangu, na huenda nyuma yake kuna "ila jibu sina". Ile -i- ndogo ndani ya kitenzi ndiyo inayoishika barua hata ukiipeleka mbele au nyuma. Zipo lugha ambazo mwandishi akitaka kulipeleka jambo mbele ya sentensi hana budi kuibomoa sentensi nzima. Sisi tunanyanyua tu na kuweka.

Halafu nafungua gazeti, nafungua kitabu kipya, nakuta sentensi zote zimejengwa kwa kalibu moja: mtenda, kitendo, mtendwa, nukta. Mtenda, kitendo, mtendwa, nukta. Au mbaya zaidi, "barua ilisomwa na mimi". Ni kama kuingia kwenye maonyesho ya picha ukakuta katika kila picha mtu amesimama katikati, mabega sawa, anatazama mbele kama anapigwa ya kitambulisho. Hakuna picha iliyokosewa hapo. Lakini kufika ya tano macho yamechoka, na wala hujui kwa nini.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, na nililifanya kwa mkono huu.

Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Mpiga picha wetu alileta picha ya mzee ameketi juu ya kitanda cha mbao nje, upande wa kulia wa picha. Anatazama kushoto. Kule kushoto, mbali kidogo, ulikuwa umebaki ukuta mmoja wa nyumba na fremu ya mlango imesimama peke yake. Kati ya mzee na ule ukuta palikuwa na tope tu, tope jekundu, pana, halina kitu. Nafasi yangu ilikuwa ya safu mbili, na picha ilitaka nne. Saa zinakwenda, kiwandani wanangoja. Nikatazama lile tope nikaona ni nafasi tupu. Nikakata. Akabaki mzee na kitanda chake, anatazama ukingo wa ukurasa.

Habari nayo ilikuwa imezidi mistari mitatu. Mwandishi alikuwa ameandika sentensi moja kwamba mzee yule aliijenga nyumba ile mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwa miaka. Haikuwa na takwimu ndani yake, wala jina la kiongozi. Nikaitoa hiyo.

Siku ya pili akaja kijana ofisini, mpole, ameshika gazeti limekunjwa. Akaniamkia vizuri, akalifunua mezani, akaniambia, "Mama, baba yangu mmemfanya ombaomba."

Kila kilichochapishwa kilikuwa kweli. Mzee alikuwa pale, kitanda kilikuwa pale, mvua ilinyesha. Lakini picha ile ilikuwa ni ya ule umbali, kutoka kitandani hadi ukutani, na umbali ndio niliouona mimi kuwa hauna kitu. Bila nyumba, macho ya mzee hayakuwa tena yakitazama jambo, yalikuwa yakiomba. Na ile sentensi niliyoitoa ilikuwa ndiyo nyumba hiyo hiyo, imeandikwa kwa maneno. Mkasi mmoja uliikata mara mbili. Nilimwomba radhi kijana, na nikamwomba anifikishie radhi zangu kwa mzee. Kurudisha kilichokatwa sikuweza, gazeti lilikuwa limeshafungiwa maandazi.

Tangu siku hiyo sikati kitu kwa kuwa ni tupu. Nauliza kwanza utupu huo uko kati ya nini na nini. Mafundi wa Lamu walijenga zidaka ukutani, safu juu ya safu, na kinachopendeza ni yale matundu yenyewe, kivuli kilichokaa ndani ya chokaa nyeupe, hata pasipowekwa sahani. Katika maandishi utupu ni aya inayoisha mapema. Ni jambo ulilolijua ukaamua kutolisema. Ni ile koma ya katikati ya mshororo, ambapo mwimbaji anavuta pumzi na watu wote ukumbini wanavuta naye. Mwandishi anayeogopa utupu anaujaza kwa "kwa hakika", "ikumbukwe kwamba", "kama tujuavyo sote", na mchoraji anayeuogopa anaujaza kwa maua.

Kuna na wale wanaolalamika kwamba nafasi ni ndogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya mbao za dari vya karibu futi 2 kwa futi 2 na rangi za baiskeli. Mandhari kwanza, kisha mnyama mmoja akaujaza ubao. Alifariki 1972, lakini mtindo wake unaendelezwa hadi leo na una jina lake. Mhariri akikupa maneno 600, hizo ndizo futi zako mbili. Amua mnyama ni yupi kabla hujachovya brashi.

Nimeona saa, na maswali najua yapo. Kabla ya hayo nina kazi, tutaifanya sasa hivi, dakika kumi. Waandishi simameni, mvuke upande wa pili. Kila mmoja amtafute mchoraji au mpiga picha, amwombe picha moja aliyoifanya mwenyewe, iwe kwenye simu au kwenye daftari. Mwandishi aitazame, aandike kwa mfuatano jicho lake lilikopita: kwanza nini, pili nini, likatua wapi. Asiseme nzuri wala mbaya. Na wewe mchoraji chukua aya moja ya huyo mwandishi, uichore kwa masanduku matupu, bila neno hata moja: sanduku kubwa pale jicho lilipokaa sana, dogo pale lilipopita mbio, na palipo na pumzi pawachwe weupe. Kisha mpeane karatasi. Ikiwa masanduku yote yametoka sawa kwa ukubwa, msifichane, semeni.

Leso itabaki hapo ubaoni. Mnaokaa nyuma, mnaovuka sasa, piteni karibu yake muisome.